Chale za Mwimo

Kutoka Mbande unashuka kwa miguu,
unavuka Mzinga penye magogo mawili,
kisha unaukwea mchanga mpaka viatu vikusute.
Banda lingali pale, limelalia ubavu
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Makuti yaliisha zamani. Limebaki bati moja,
limefungwa kwa waya, na jiwe juu yake.

Sisi wajukuu tulikuwa na hadithi yetu.
Babu Kondo Mwinshehe alikuja na shoka
hapa palipokuwa msitu mtupu,
akaangusha, akachoma, akapanda mpunga,
na kwa kila nguruwe aliyemuua usiku
alichanja chale moja kwenye mwimo wa mlango.
Tulizihesabu kwa kidole, likizo hadi likizo:
mia mbili na kumi na saba.
Shuleni nilisema mia tatu.

Leo amekuja mpima ardhi, kijana wa heshima,
buti jipya, karatasi zimebanwa kwenye ubao.
Mikorosho anaihesabu mmoja mmoja,
minazi pia, hata ule uliopigwa na radi.
Akifika kwenye banda anaandika mstari mfupi:
miti na udongo, halina thamani.
Halafu anauliza, kichwa hakuinua,
"Nani alifyeka hapa kwanza?"

Natoa jina la babu. Lilikuwa tayari mdomoni.

Shangazi Siwema amekalia kinu kilichopinduliwa.
Anasonya.
"Kondo alikuwa bandarini,
anabeba katani za watu.
Banda lilihesabiwa, likatozwa kodi.
Hilihili mnaloliona!
Sasa udongo ungelipa kwa nini?
Akaenda. Alisema mwezi mmoja.
Mama akabaki na mimba yangu
na panga lisilo mpini."

Anauonyesha msitu kwa mkono, kana kwamba bado upo:
huku mninga, kule upupu,
pale kichuguu kilichokataa jembe misimu miwili.
Asubuhi alifyeka. Mchana alisuka ukili
auze mkeka apate chumvi.
Usiku alipanda dunguni, akajifunga mguuni kamba
iliyokwenda mpaka kwenye makopo katikati ya mpunga;
nguruwe wakija anatikisa mguu,
makopo yanalia, nguruwe wanatimka,
na yeye hata hajaamka sawasawa.
"Mimi nimezaliwa nikitikiswa," anasema shangazi,
anacheka peke yake.

"Na chale?"

"Siku. Kila siku aliyokosa kurudi, moja."

Nasogea mlangoni. Sikuwahi kuona
kwamba zinaanzia chini, karibu na kizingiti,
usawa wa bega la mtu aliyeketi,
na kwamba zile za mwanzo ni ndefu, zina hasira,
zile za juu ni vikwaruzo tu
vya mtu mwenye haraka.

"Kwa hiyo siku ya mia mbili na kumi na nane babu alirudi."

"Nani kasema? Mpunga uliiva.
Mikono ikakosa nafasi."

"Sasa alirudi lini?"

Shangazi anatazama jiwe lililo juu ya bati.
"Sijui. Alitukuta tunakula."

Mpima ardhi amesimamisha kalamu.
Anauliza jina, anaambiwa: Tausi binti Pazi.
Nafasi ya kwenye fomu ni ndogo,
binti anamwandika juu ya mstari, Pazi kwenye ukingo.
Kisha anatoa utepe wake, anapima mwimo,
urefu, unene,
ingawa hakuna safu ya kuandika mwimo
na anajua.

Ile chale ya mwisho ni nusu tu.
Nimeitia ukucha.
Ukucha umeenea.